Mbwa asiyenyamaza: umpuuze, umfundishe, umvishe kola au umpe dawa?

Mara ya kwanza nilikosea kwa kukimbilia dukani. Jirani alikuwa amegonga mlango mara mbili ndani ya wiki moja, kwa upole lakini uso umekunjamana, kusema kwamba mbwa wangu hubweka tangu ninapotoka asubuhi hadi karibu na saa sita mchana. Nikarudi nyumbani na kola, yaani ukanda wa shingoni, inayopuliza harufu kila mbwa anapobweka. Ilifanya kazi siku nne. Siku ya tano alikuwa anabweka tena, safari hii huku akitetemeka, na mlango wa mbele ulikuwa na alama mpya za kucha.

Kola haikuwa mbovu. Nilichofanya ni sawa na kumpa mwenye kikohozi dawa ya minyoo. Nilidhani mbwa analinda nyumba, kumbe alikuwa ananiita.

Njia zote nitakazozilinganisha hapa zina mbwa ambao zinawafaa, isipokuwa mbili ambazo nitazisema waziwazi. Na karibu zote zina mbwa ambao zitawaharibu zaidi. Kwa hiyo mtu akiniuliza ipi bora, sina jibu mpaka aniambie mbwa wake anabweka kwa ajili gani.

Anapata nini akibweka?

Mbwa mwitu wa kijivu (wolf, si mbwa mwitu wa Afrika), ukoo ambao mbwa wetu wametokana nao, nao hubweka, ila kwa uchache: sauti fupi, mara nyingi za kuonya. Mbwa wa nyumbani hubweka kwa karibu kila jambo, na sauti yake hubadilika kulingana na jambo lenyewe. Mwaka 2002 Sophia Yin, daktari wa wanyama wa California, alichapisha uchambuzi wa mibweko ya mbwa kumi katika hali tatu. Kengele ya mlangoni ilitoa mibweko mizito, yenye mkwaruzo, iliyofuatana bila nafasi. Kufungiwa peke yake kulitoa mibweko ya sauti ya juu, mmoja mmoja, yenye vituo. Miaka mitatu baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, Budapest, Hungaria, waliwasikilizisha watu rekodi za mbwa wa aina ya mudi bila picha yoyote. Wasikilizaji walizitambua hali walizokuwamo mbwa kwa kiwango kilichozidi cha kubahatisha, na hata wale ambao hawakuwahi kufuga mbwa walifanya vizuri.

Maana yake ni kwamba sikio lako tayari linajua mengi, tatizo ni kwamba tukikasirika hatusikilizi. Kaa siku mbili tatu na kalamu na kidaftari. Andika saa, mahali mbwa alipokuwa, alichokuwa anakitazama, na kilichotokea mara tu baada ya kubweka. Hicho cha mwisho ndicho chenye thamani kuliko vyote. Kama baada ya kubweka mtu huondoka, mbwa anafukuza. Kama baada ya kubweka wewe huinuka, anaagiza. Kama hakuna chochote kinachotokea na bado anaendelea saa nzima, ama amechoshwa na ukimya wa uani, ama ana hofu, ama anaumwa.

Mfikirie mleta mizigo. Anafika, mbwa anabweka, anaacha kifurushi na kwenda zake. Angeondoka hata mbwa angelala usingizi, lakini mbwa hajui hilo. Kwa hesabu yake amemfukuza mtu yuleyule mara mia, na hajashindwa hata mara moja. Sasa jaribu kumwambia aache kazi anayoifaulu kila siku.

Kuna mbweko mmoja ambao hauingii katika mizani hii hata kidogo: ule ulioanza ghafla kwa mbwa ambaye zamani hakuwa na kelele, hasa mbwa mzee anayebweka usiku akiutazama ukuta. Maumivu ya viungo, kupungua kwa usikivu au macho, na kuchakaa kwa ubongo kwa uzee vyote hutoa sura hiyo. Huyo hahitaji mkufunzi kwanza. Anahitaji daktari wa wanyama.

Kumpuuza au kumfundisha neno "kimya"?

Hizi ndizo njia mbili ambazo watu hushauriana bila malipo, na mara nyingi huzichanganya.

Kumpuuza maana yake ni kuondoa malipo. Mbwa anabweka ili umpe chakula, mpira, au nafasi kwenye kochi. Humtazami, humsemeshi, humgusi. Akinyamaza sekunde mbili tatu, hapo ndipo unampa. Njia hii haina gharama na kwa mbwa mwagizaji inafanya kazi kweli. Ila ina mtego ambao wengi hawaambiwi: kabla ya kupungua, kelele huongezeka. Mbwa aliyezoea kwamba mibweko mitano huleta mpira atajaribu kumi, kisha ishirini, kisha sauti mpya ambayo hujawahi kuisikia. Mwenye nyumba akishindwa dakika ya kumi na kusema "haya, chukua", amemfundisha kwamba bei ya mpira imepanda hadi dakika kumi. Na tabia inayolipwa mara mojamoja huwa ngumu kufa kuliko inayolipwa kila mara. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Kwa hiyo kupuuza kunahitaji nyumba yenye msimamo mmoja. Kama babu ndani ya nyumba humpa mbwa kipande cha nyama kila akibweka mezani, usianze. Zungumza na babu kwanza.

Kumfundisha "kimya" ni jambo jingine. Hapa humwondolei malipo tu, unampa kazi mpya inayolipa zaidi. Unachukua vipande vidogo vya nyama, vya ukubwa wa punje ya mahindi. Mbwa anabweka kwa jambo dogo, si lile linalompandisha wazimu. Unaweka kipande karibu na pua yake. Ili anuse, lazima afunge kinywa. Anapofunga, sema "kimya" kwa sauti ya kawaida, umpe. Ukirudia mara nyingi kwa siku kadhaa, neno linakuja kabla ya nyama, kisha muda wa kunyamaza unaurefusha: sekunde mbili, tano, kumi. Wengine humfundisha kwanza kubweka kwa amri ili "kimya" ipate mpinzani wake. Mimi sikuona haja, na nyumba yangu ilikuwa na kelele za kutosha.

Ukinilazimisha kuchagua kati ya hizi mbili, nitachagua kufundisha, na kupuuza kutakuwa msaidizi tu. Sababu ni moja. Kupuuza kunamwambia mbwa asifanye nini bila kumwambia afanye nini badala yake, na mbwa mwerevu hujaza pengo hilo kwa kutafuna kiatu. Kufundisha kunampa jibu: nenda kwenye mkeka wako, lala, chakula kitakufuata huko.

Lakini hakuna kati ya hizi itakayomsaidia mbwa anayewabwekea wapita njia ukiwa kazini. Unawezaje kuondoa malipo ambayo si wewe unayeyatoa?

Na kumfokea? Wengi hufanya hivyo, nami nimefanya. Mbwa anabweka, nawe unapiga kelele kutoka jikoni. Kwa mbwa aliyekwisha kupandwa na hamasa, hiyo ni sauti ya mwenzake aliyejiunga. Kwa mbwa mwoga ni uthibitisho kwamba pale mlangoni kweli kuna hatari. Dawa ya moto ni moto, wanasema, lakini waliosema hivyo hawakuwa wanazungumzia mbwa.

Kumzuia asione, au kumzoesha anachokiona?

Kwa mbwa mlinzi, yaani yule anayebweka kwa watu, mbwa wengine na magari, huu ndio uamuzi wenyewe.

Kumzuia asione ni kazi ya jioni moja. Bandika karatasi ya ukungu, isiyoonyesha nje, kwenye sehemu ya chini ya dirisha. Ziba matundu ya lango. Hamisha kitanda chake kutoka sebule inayotazama barabara hadi chumba cha nyuma. Ondoa kiti anachokipanda kama mnara wa mlinzi. Washa redio au feni ili mlio wa hatua za nje umezwe. Kuhusu muziki, watafiti wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, waliupima mwaka 2002 katika kituo cha mbwa waliookolewa: muziki wa ala wa kale wa Ulaya uliwafanya mbwa wapumzike na kunyamaza zaidi, muziki mzito wa magitaa ya umeme uliwafanya wabweke zaidi. Mazungumzo ya kawaida ya binadamu hayakuleta tofauti kubwa.

Kumzoesha ni kazi ya wiki na miezi. Unatafuta umbali ambao mbwa anamwona mpita njia, anatega masikio, lakini hajabweka bado. Hapo ndipo unapofanyia kazi: mtu anaonekana, nyama inashuka, mtu anapotea, nyama inakatika. Hujali mbwa anafanya nini, unachotaka ni moyo wake ubadilike, aone mgeni na akugeukie wewe akisubiri kitu kizuri. Umbali unaupunguza kidogokidogo. Dalili ya mvua ni mawingu, na mbwa naye ana mawingu yake: mwili kukakamaa, kinywa kufungwa ghafla, uzito kuhamia miguu ya mbele, manyoya ya mgongoni kusimama. Ukisubiri hadi abweke umechelewa. Rudi nyuma hatua kumi.

Wakufunzi wengi watakwambia kumzoesha ndiko suluhisho la kweli na kumzuia ni kufunika shimo kwa mkeka. Sikubaliani nao kikamilifu. Kila mara mbwa anapobweka dirishani na mtu akapita zake, anafanya zoezi la kile usichokitaka, na anafaulu. Huwezi kumzoesha Jumamosi kwa dakika ishirini wakati Jumatatu hadi Ijumaa anafanya mazoezi ya kinyume saa nane kwa siku. Kwa hiyo kuzuia si njia ya wavivu, ndiyo inayoipa njia ya pili nafasi ya kushika. Na ukweli ni kwamba kuna mbwa ambao kuziba dirisha kumewatosha, na wenye mbwa hao hawakuhitaji tena kitu kingine. Hakuna aibu katika hilo.

Kumzoesha kunashinda pale ambapo huwezi kuziba: matembezini, kwenye ngazi za pamoja za jengo, kwa wageni wanaoingia ndani. Kunashinda pia pale ambapo mbwa anabweka kwa hofu, kwa sababu mwoga aliyefichwa asione bado ni mwoga. Utamjua mwoga kwa mwili: anabweka huku anarudi nyuma, mkia chini, uzito kwenye miguu ya nyuma.

Kola: harufu, mtetemo, sauti kali, umeme

Hapa ndipo penye pesa, na ndipo penye ahadi nyingi kuliko mahali pengine popote.

Zote hufanya kazi kwa wazo moja: kitu kisichopendeza hutokea kila mbwa anapobweka. Tofauti ni kitu chenyewe. Kola ya harufu hupuliza ukungu wa mafuta ya mmea wa jamii ya mchaichai chini ya kidevu. Kola ya mtetemo hutikisika. Kifaa cha sauti kali hutoa mlio ulio juu ya uwezo wa sikio la binadamu: sisi tunaishia takriban hezi 20,000, mbwa anasikia hadi takriban 45,000. Kola ya umeme hupitisha mkondo kwenye ngozi ya shingo.

Kati ya harufu na umeme kuna ulinganisho mdogo uliochapishwa Marekani mwaka 1996, wa mbwa wachache waliojaribu zote mbili. Wenye mbwa waliridhika zaidi na harufu. Kwa hiyo hata mtu asiyejali maumivu ya mnyama hana sababu ya kuanza na umeme. Na kwa anayejali, hoja ni nzito zaidi: mbwa huunganisha maumivu na kilicho mbele yake, si na koo lake. Anambwekea mtoto anayepita na baiskeli, anapigwa na umeme, na anachojifunza ni kwamba watoto wenye baiskeli huleta maumivu. Siku nyingine hatabweka kwanza, atauma moja kwa moja. Wales ilipiga marufuku kola hizi kwa mbwa na paka mwaka 2010, na mwaka 2021 chama cha madaktari wa wanyama wanaoshughulikia tabia nchini Marekani kilitoa msimamo kwamba mafunzo yote ya mbwa yatumie zawadi, bila vifaa vya maumivu wala vitisho. Kola ya umeme ndiyo ya kwanza kati ya zile njia mbili nilizosema hazimfai mbwa yeyote.

Kola ya harufu je? Utafiti mwingine wa Belfast, wa mwaka 2001, ulionyesha kilekile nilichokiona nyumbani: kubweka hupungua haraka, kisha mbwa wakazoea na kelele zikaanza kurudi. Waliovishwa siku moja na kuachwa siku inayofuata walidumu na matokeo vizuri kuliko waliovishwa kila siku. Pia hunyunyiza mbwa asiye na hatia pale mbwa mwenzake anapobweka karibu, na harufu haikatiki papo hapo kelele inapokatika, kwa hiyo mbwa aliyenyamaza bado anaadhibiwa. Pua yake si kama yako.

Ningeiruhusu kwa mbwa wa aina moja tu: asiye mwoga, anayebweka kwa mazoea, ambaye umeshamzibia dirisha na kumfundisha, na ambaye wewe upo nyumbani umtazame. Akionyesha dalili yoyote ya hofu, ivue siku hiyohiyo.

Mtetemo hufaa zaidi kama ishara ya kumwita mbwa kiziwi, na kwa kazi hiyo ni kifaa kizuri sana, mradi umefundisha kwamba mtetemo maana yake ni nyama. Vifaa vya sauti kali vya kuning'iniza ukutani sivipendi kwa sababu havichagui: vinampiga mbwa wako, wa jirani, na yule aliyelala kimya chini ya meza.

Mazoezi, vitu vya kutafuna, mbwa wa pili

Nitapita haraka. Mbwa aliyechoshwa na upweke wa uani hubweka kwa mdundo uleule, dakika hadi dakika, bila kumtazama yeyote. Matembezi marefu husaidia, lakini matembezi ya kunusa husaidia zaidi kuliko ya kukimbia. Mwachie asimame kwenye kila nguzo. Tawanya chakula chake cha asubuhi kwenye majani akitafute, badala ya kukimwaga kwenye bakuli kinakoisha kwa dakika moja. Kama anaishi uani siku nzima, mlete ndani, na mara nyingi nusu ya tatizo huishia hapo.

Mbwa wa pili aliyenunuliwa ili amnyamazishe wa kwanza ni kamari. Kwa aliyechoshwa huenda akawa mwenzi. Kwa mlinzi ni mwanafunzi, na baada ya mwezi una waimbaji wawili. Kwa anayekulilia wewe mwenyewe si kitu: anamtaka mtu wake, si mbwa.

Anayebweka kwa sababu umeondoka

Turudi kwa mbwa wangu. Baada ya kola kushindwa niliegesha simu kwenye rafu na kuiacha irekodi. Dakika nne baada ya mlango kufungwa alianza kuzunguka. Dakika ya saba alilia, akabweka mbweko mmoja mmoja wa juu wenye vituo, akaomboleza, akakwangua mlango. Mate yalikuwa yanadondoka sakafuni. Mfupa wenye nyama nilioacha haukuguswa, na alikuja kuutafuna kwa pupa niliporudi. Chakula kisichoguswa ni ushahidi mkubwa: mbwa aliyechoshwa angekila, mbwa mwenye taharuki hawezi.

Bila video ningeendelea kumwadhibu. Kama hutafanya kitu kingine chochote kati ya vilivyoandikwa hapa, fanya hicho kabla ya kutoa hela.

Kwa mbwa wa namna hii kuna mambo matatu ya kuyapima, na si lazima uchague moja.

La kwanza ni kumfundisha kubaki. Unaanza na muda mfupi kiasi cha kuchekesha. Unagusa kitasa na kurudi kukaa. Unafungua mlango na kuufunga. Unatoka sekunde tano. Sheria ni moja: rudi kabla hajaanza kuhangaika, si baada. Funguo na viatu navyo vinahitaji zoezi lake, maana mbwa huanza kulia kwenye funguo. Zichukue mara kumi kwa siku ukakae nazo kwenye kochi. Muda huongezeka kwa kupanda na kushuka, na dakika kumi za mwanzo ndizo ngumu kuliko saa ya pili.

La pili ni kutomwacha kabisa peke yake wakati mafunzo yanaendelea. Hili ndilo linalowashinda wengi, na ndilo linaloamua. Ukimfundisha sekunde thelathini asubuhi kisha ukamwacha saa tano ukaenda kazini, kila siku unabomoa ulichojenga. Rafiki asiye na kazi za nje, ndugu, jirani mpenda wanyama, zamu za kubadilishana na mwenye mbwa mwingine: tafuta mtu. Yule jirani aliyenigongea mlango, nilipomwonyesha video, alijitolea siku mbili kwa wiki. Sikutegemea.

La tatu ni dawa. Watu huichukulia kama kushindwa, au kama kumlevya mbwa. Clomipramine iliidhinishwa Marekani kwa tatizo hili hasa mwaka 1998, na fluoxetine mwaka 2007, zote mbili kwa sharti kwamba zitumike pamoja na mafunzo. Hazimlazi. Hushusha hofu hadi kiwango ambacho akili inaweza kujifunza, na huchukua wiki nne hadi sita kabla hujaona kitu cha maana. Anayezitoa ni daktari wa wanyama baada ya kumpima, na usijaribu kumgawia mbwa vidonge vyako mwenyewe, hata kama jina kwenye boksi ni lile lile.

Ulinganisho wangu ni huu. Mbwa anayelialia dakika kumi kisha akalala: mafunzo peke yake, kwa subira. Mbwa anayejiumiza, anayevunja meno kwenye vyuma vya banda, anayejikojolea: daktari kwanza, mafunzo yaanze dawa inapoanza kushika. Kumwacha huyu wa pili "alie hadi azoee" humfanya awe mbaya zaidi, na kola ya aina yoyote kwake ni ukatili.

Kisu

Ya pili kati ya zile mbili ni upasuaji wa kukata nyuzi za sauti. Mbwa anaendelea kubweka, kwa sauti ya chini yenye mkwaruzo, kwa sababu kilichokatwa ni chombo, si sababu. Kovu laweza kuziba njia ya hewa, na mara nyingine sauti hurudi. Mkataba wa Ulaya wa kulinda wanyama wa nyumbani, uliofunguliwa kutiwa saini mwaka 1987, unaukataza pale ambapo si kwa ajili ya matibabu. Sina la kuongeza.

Kujua kama uliyoichagua inafanya kazi

Masikio hudanganya. Siku uliyolala vibaya, mibweko kumi ni kama mia. Kwa hiyo rudi kwenye kile kidaftari: idadi ya vipindi vya kubweka kwa siku, na urefu wa kipindi kirefu kuliko vyote. Urefu hushuka kabla ya idadi. Mbwa mlinzi anayeanza kupona bado atabweka kengele ikilia, ila mara tatu badala ya dakika sita, kisha anakugeukia. Hapo umefaulu, hata kama jirani bado anamsikia. Mbwa asiyebweka kabisa si lengo, wala sidhani ungempenda. Mwaka 2012 mbwa wa aina ya golden retriever aitwaye Charlie alipimwa huko Adelaide, Australia, akibweka kwa desibeli 113.1, rekodi ya dunia. Wako hajafika huko.

Kama umefuata njia moja kwa wiki tatu kwa uaminifu, nyumba nzima ikiwa na msimamo, na namba hazijasogea, usibadilishe kifaa. Tazama video upya. Nilipoitazama yangu mara ya tatu niligundua kwamba taharuki yake haikuanza na mlango kufungwa. Ilianza dakika mbili kabla, nilipokuwa bado nimeinama nafunga kamba za viatu, naye tayari amesimama kando yangu akihema.